Kikanda Nyuma ya Nyumba

Kwetu Kilwa, upande wa Kongo wa Ziwa Mweru, kikanda kilikuwa kitu cha kununua. Mama alikileta kutoka sokoni kimefungwa kwa jani la mgomba, cha rangi ya kahawia, kizito, kimekatwa vipande kama nyama, nasi watoto tulikigombania kwa sababu ya pilipili. Sikuwahi kuuliza kimetokana na nini. Nilionja karanga ndani yake, basi nikadhani ni karanga tupu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mke wa mtu, nimeshavuka ziwa na kukaa Nchelenge kwa miezi mingi, ndipo nilipokuja kujua kwamba kikanda ni ua.

Mume wangu alikuwa mfanyabiashara. Alichukua samaki wakavu upande wa Zambia, akawapeleka ng'ambo, akarudi na vitenge, na sabuni zilipoadimika, na sabuni. Katikati ya miaka ya sabini, wafanyabiashara wengi wa kwetu waliona ni afadhali kuwa na nyumba pande zote mbili. Yeye alipanga nyumba ya matofali ya udongo pembezoni mwa Nchelenge, mahali ambapo mashamba ya mihogo yanakwisha na pori linaanza, akaniweka hapo nimlindie mzigo wake. Tulikaa pamoja miezi minne. Sikuwa nimeshika mimba.

Mwanzoni mwa mvua alifunga mzigo wake. Nilimsindikiza mpaka Kashikishi, kwenye bandari, nimebeba begi lake dogo kichwani.

"Siku makumi mbili tu," aliniambia. "Bon, kama ziwa linachafuka, makumi tatu. Usiogope."

"Na mimi nitasema na nani siku zote hizo?"

Alicheka. "Batu ni mingi hapa. Utasema nao."

Alipanda mashua, akakaa juu ya magunia, akanipungia mkono mara moja. Halafu akamgeukia mwenzake wakaanza kuzungumza. Hicho ndicho nilichokiona cha mwisho: mgongo wake, na mkono wake ukieleza jambo.

Watu walikuwa wengi kweli. Lakini walikuwa watu wa Kibemba. Kiswahili walikijua, ila Kiswahili chao kilikuwa cha biashara: samaki huyu, gunia lile, punguza, ongeza, kesho lete. Katika lugha yangu mtu aliweza kuniuliza bei ya samaki makobo mkubwa, lakini hakuna aliyeweza kuniuliza nimelalaje. Nami Kibemba changu kilikuwa salamu tu. Asubuhi nilisimama mlangoni nikawaambia wanaopita, "Mwapoleni mukwai," wakanijibu kwa heshima, wakapita. Baada ya hapo sikuwa na neno jingine la kuwapa.

Siku makumi mbili zilipita, zikapita makumi tatu. Nilikwenda bandarini kila mashua zilipotoka ng'ambo, nikauliza. Mmoja alisema alimwona Kilwa akipakia lori. Mwingine alisema hapana, yule alikuwa mwingine. Mzigo alioniachia nilinde ulikwisha taratibu, kwa sababu niliubadilisha na unga wa mihogo. Nilipobaki na vitenge viwili tu, nikaacha kuhesabu siku.

Njia ya pori ilipita mbele ya nyumba yangu. Mwezi wa pili, mvua zikiwa zimeshiba, niliona wanawake wanapita alfajiri na vikapu na majembe ya mpini mfupi, wanarudi mchana matope mpaka magotini. Walikuwa wakicheka. Kilichonivuta ni kicheko kile, wala sikujali kilichokuwa ndani ya vikapu. Siku ya tatu nilichukua jembe langu nikawafuata, mbali kidogo, kama mbwa anayefuata watu asijue kama atatupiwa mfupa au jiwe.

Wa mwisho katika msafara alikuwa jirani yangu, mwanamke mnene mwenye sauti nzito, mke wa fundi wa nyavu. Aligeuka akaniona. Alisimama mpaka nikamfikia.

"We unaenda wapi?" aliniuliza kwa Kiswahili cha sokoni.

"Naenda na ninyi."

Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Sawa," alisema. "Kuja."

Tulipita kati ya miti ya miombo, halafu miti ikapungua, tukatokea kwenye bonde la nyasi lenye majimaji, lile ambalo wenyeji huliita dambo. Nilisimama. Kila mahali kati ya nyasi yalisimama maua. Shina moja moja, limenyooka, linafika gotini, na juu yake maua madogo yamepangana kuzunguka shina, ya waridi iliyofifia, mengine karibu meupe. Nilipochuchumaa niliona kila ua lina kofia, na nyuma yake lina mikia miwili myembamba. Sijawahi kuona kitu kilichoshonwa vizuri namna ile.

Jirani hakuyatazama maua. Alipiga jembe kando ya shina, akainua, akapukuta udongo, akanionyesha. Chini ya shina mlikuwa na viazi viwili vidogo, mfano wa mayai ya njiwa. Kimoja kilikuwa kimenywea, cheusi, laini. Kingine kilikuwa cheupe, kigumu.

"Huyu," alisema akigusa cheusi, "ni bibi. Anakufa." Akagusa cheupe. "Huyu ni mujukuu. Tunakula mujukuu."

"Tunakula namna gani?"

Alitafuta neno, akalikosa. Akafanya kwa mikono: kuanika, kutwanga, kukoroga. Halafu akasema, "Chikanda."

Nilirudia kwa namna ya kwetu: "Kikanda?"

"Eya! Chikanda!" Akaita wenzake, akawaambia jambo kwa Kibemba, wote wakacheka wakinitazama, mwanamke mzima asiyejua anachokila. Nami nikacheka. Siku ile nilirudi nyumbani nimechoka na nina furaha, nikakaa chini na kikapu changu, na kabla jua halijazama furaha ilikuwa imekwisha, kwa sababu sikuwa na wa kumwonyesha.

Mvua zile zote nilichimba. Nilijifunza kukausha viazi, kuvitwanga na kuchekecha unga. Wenzangu walikwenda mara mbili kwa juma, kwa sababu walikuwa na watoto, mashamba na waume wa kupikia bukari, ugali wa kwetu. Mimi sikuwa na kitu cha kunirudisha nyumbani. Nilikwenda kila siku. Walichimba viazi vikubwa wakaacha vidogo. Mimi nilichimba vikubwa na vidogo. Unga nilipeleka Kashikishi kwa wafanyabiashara wa kwetu, waliokuwa tayari kuuchukua wote kwa ajili ya masoko ya Lubumbashi. Nitasema kweli: niliuza kidogo kidogo makusudi, kikombe kwa kikombe, ili nipate sababu ya kukaa nao. Nilikaa juu ya gunia nikasikiliza Kiswahili cha nyumbani kama mtu anayeota moto. Waliniita shemeji. Waliniuliza habari za mume wangu mpaka nao wakaona aibu kuniuliza.

Mvua za mwaka uliofuata maua yalitoka machache. Niliona, lakini nikajiambia ni mwaka mbaya tu. Siku moja nilifika kwenye dambo nikawakuta wanawake sita wamesimama, hawachimbi. Jirani yangu alikuwa mbele. Alikuja, akanishika mkono uliokuwa na jembe, wala si kwa ukali.

"Ona," alisema.

Nilitazama. Mahali ambapo mwaka uliotangulia maua yalisongamana, palikuwa na nyasi, na mashimo, na maji katika mashimo.

"Mi nimekuonyesha hapa," alisema. "Mi! Sasa banamuke banasema ni makosa yangu. We unamaliza. Wadogo unakula, wakubwa unakula. Mwaka kesho tutakula nini? Nyasi?"

Nilitaka kusema mengi. Nilitaka kusema kwamba kwangu hakuna anayeningoja, kwamba nilichimba ili siku ipite. Lakini angeyaelewa maneno gani katika hayo? Nikasema, "Nimekosa. Munisamehe."

Alichukua jembe langu. Mmoja wa wale wengine alisema neno fupi, wakaondoka na jembe. Hawakunitukana. Ingekuwa nafuu kama wangenitukana. Tangu siku ile walipopita mbele ya nyumba waliitikia salamu yangu, kwa sababu watu wa kule hawanyimani salamu, lakini hakuna aliyepunguza mwendo.

Nilikaa na aibu ile majuma kadhaa. Halafu nikapata wazo ambalo lilinipa nguvu ya kuamka: nitapanda kikanda mwenyewe. Kama mihogo hupandwa na karanga hupandwa, kwa nini kikanda kisipandwe? Nilikuwa bado na kikapu kimoja cha viazi nilichokiweka kivulini, havijakauka. Nikapalilia kando ya jiko, nikachanganya udongo na mavi ya mbuzi na majivu, nikafukia viazi thelathini, nikamwagilia asubuhi na jioni kama mtu anayelea mtoto. Baada ya majuma mawili nilifukua kimoja. Kilikuwa uji. Nikafukua vingine. Vyote vilikuwa uji, na vilinuka.

Nikafikiri: labda mbolea imevichoma. Nikapanda vingine kwenye mchanga karibu na ziwa. Hivyo vilinyauka vikawa kama mbegu za maembe. Nikachuma maganda ya maua yaliyokwisha kukauka, nikayapasua juu ya kiganja ili nipate mbegu. Kilichotoka kilikuwa vumbi. Nilipopumua liliruka. Nililimwaga hivyo hivyo mahali palipolimwa vizuri, na hapakuota hata unyasi.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya bustani kwa Wazungu huko kwenye miji ya migodi, naye alijua Kiswahili kidogo. Alipita siku hiyo akaniona nimepiga magoti.

"Unapanda nini, mayo?" Mayo kwao ni mama.

"Kikanda."

Akashika kiuno. "Ile haipandwi. Ile inataka udongo yake. Ukiitoa kwake inakasirika."

Akaenda zake, pengine akacheka mbele ya safari. Lakini lile neno lake, udongo yake, lilibaki nami. Mwisho wa mvua nilikwenda porini peke yangu, nikalipita dambo la wanawake bila kuligusa, nikatembea mpaka mahali miti ya miombo ni mikubwa na ardhi ina unyevu chini ya majani makavu. Huko nilikuta maua mengine, machache, yaliyojificha. Sikuwa na jembe. Nilichimba kwa kisu na mikono, na sikung'oa shina. Nilikata ardhi yenyewe kuzunguka shina, bonge zima, pamoja na nyasi, mizizi ya mimea mingine na wadudu wake. Bonge moja nililiweka kwenye beseni, nikalitwika kichwani, nikarudi. Kesho yake tena. Shingo iliniuma. Siku kumi na moja, mabonge kumi na moja. Nyuma ya nyumba palikuwa na mti mmoja wa porini ambao mwenye nyumba hakuukata, na chini yake kibonde ambamo maji ya mvua hukawia. Nilichimba mashimo pale nikayatia mabonge kama mtu anayerudisha jino kwenye ufizi. Sikuweka mbolea, wala sikumwagilia.

Jua lilipokuja majani yote yakafa. Nilikuwa nimechomeka kijiti kando ya kila bonge ili nisipakanyage. Kiangazi chote nyuma ya nyumba yangu kulikuwa na vijiti kumi na moja tu kwenye udongo mkavu, vimesimama kama makaburi ya panya.

Katika kiangazi kile nilianza kusema navyo. Nawaambia kwa sababu sasa nimezeeka na haya imepungua. Nilipofagia nyuma ya nyumba niliviambia vile vijiti habari za siku: kwamba ziwa limechafuka, kwamba bandarini wamesema lori limepinduka lakini hakuna aliyekufa, kwamba nimeota niko Kilwa na mama ananisuka. Nilisema Kiswahili kizima, chenye mafumbo na utani, ili nisikisahau. Mara moja nilipogeuka nikamwona jirani amesimama kwenye njia na ndoo kichwani, anasikiliza. Niliendelea kufagia. Naye akatazama pembeni akaendelea na safari yake.

Mvua za kwanza ziliponyesha nilikuwa nikitoka kila asubuhi kabla ya kunawa uso. Kijiti cha kwanza hakikuwa na kitu, wala cha pili. Kwenye cha nne niliona ncha ya kijani, imekunjwa kama sigara. Nikapiga kelele peke yangu. Kati ya kumi na moja, vinne vilitoka. Mwezi wa pili vilitoa maua. Sikuvichimba. Jirani zangu walikuwa wakipita kwenda porini, nami nilikuwa na maua manne chini ya mti, na kila siku niliyatazama mpaka nikajua lipi linafunguka kwanza na nyuki gani analipenda.

Sasa nieleze la kiangazi kilichofuata, kwa sababu hapo ndipo mambo yalipogeuka.

Ilikuwa wakati wa joto kali kabla ya mvua. Dambo lilikuwa limechomwa moto, jeusi tupu. Jirani yangu alikuja mchana, akasimama mlangoni, hakubisha hodi. Tangu siku ya jembe hakuwa ameingia kwangu. Uso wake ulikuwa umelegea.

"Mutoto yangu mwanamuke amezaa," alisema. "Siku tano. Tumbo yake inauma. Mingi. Chakula anakataa. Banakulu, bibi yake, anasema chikanda, lakini mubichi. Unga hapana. Mubichi tu."

Nilijua wanawake wa kule humchemshia mzazi kikanda kibichi, kinywaji kizito kama uji mwepesi, kutuliza tumbo na kurudisha nguvu.

"Dambo?" nikauliza.

Akafungua viganja. "Nimekwenda tangu asubuhi. Majani hakuna. Moto umekula. Wako chini, lakini wapi? Sioni." Halafu akasema polepole, akiangalia chini, "Mi nimeona vijiti yako."

Nilikwenda naye nyuma ya nyumba. Vijiti vinne. Kiangazi mche huwa na kiazi kimoja tu, yule mjukuu aliyebaki baada ya bibi kufa. Ukikichukua, hakuna cha kuota tena. Nilisimama pale. Nataka kusema kwamba nilichimba mara moja kwa moyo mweupe. Haikuwa hivyo. Nilifikiria jembe langu. Nilifikiria zile asubuhi zote walizopita.

"Vingapi?" nikauliza.

"Banakulu anasema mbili."

Nilipiga magoti nikachimba kwa mikono. Viazi vyenyewe vilikuwa vigumu, vyeupe, baridi hata katika joto lile. Nilivitia kwenye kiganja chake. Alivifunika kwa kiganja cha pili, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya wao, akashukuru, "Natotela, mayo," akaenda karibu akikimbia.

Jioni nilikwenda kwao. Nilikaa nje, karibu na nyavu, kwa sababu hakuna aliyeniambia niingie. Kesho yake walimpeleka yule binti kwenye kituo cha afya upande wa Kafutuma, amelala kwenye baiskeli, wakimsukuma. Alirudi baada ya siku nne akitembea. Muuguzi alimpa vidonge. Mama yake alisema ni kikanda kilichomtia nguvu ya kufika. Mimi sijui. Kilichokuwa hakika ni kwamba mtoto mchanga alinyonya, na niliachiwa nimbebe huku wao wakiteremsha mizigo. Alikuwa mwepesi na wa moto. Nilimrudisha upesi, kabla hajanizoea mkononi.

Baada ya hapo jirani alianza kuja. Alinifundisha kupika kikanda sawasawa, kwa maana mpaka wakati ule nilikuwa muuza unga tu: maji yachemke na karanga zilizotwangwa, pilipili na chumvi, unga uingie polepole, halafu maji ya majivu yaliyochujwa ili kishikane, ukoroge mpaka mkono ukatae, kisha ukitandaze kwenye sufuria, ufunike, uweke makaa juu ya mfuniko ili kiive pande zote. Alikuwa mwalimu mkali. Nilipokosea alisema "Iyo!" na kunipokonya mwiko. Tulizungumza kwa maneno yake hamsini ya Kiswahili na maneno yangu ishirini ya Kibemba, na yalipokwisha tulinyamaza. Lakini kunyamaza kule kulikuwa kwa watu wawili.

Halafu mume wangu akarudi.

Nilikuwa nikitwanga. Niliona mwanaume amevaa shati jeupe la mikono mirefu, anakuja kwenye njia akiepuka vumbi. Nilimtambua kwa namna alivyotembea, kabla ya uso. Karibu miaka mitatu. Alisimama mbele yangu akatabasamu, akasema, "Bado uko hapa?"

Sikujua kama ni swali. Nikasema, "Karibu. Kaa."

Nilimpa maji. Nilimpikia bukari na kikanda. Alikula vizuri. Alieleza kwamba biashara ilimpeleka Kasenga, halafu Lubumbashi, kwamba njia zilikuwa mbaya, kwamba alituma watu na salamu. Alisema kuna mwanamke kule, wana watoto wawili, si jambo kubwa, nyumba ina vyumba vya kutosha. Alikuja kunichukua.

"Kikanda hii ni muzuri kupita ya soko," alisema akilamba vidole. "Uliinunua wapi?"

"Nilichimba."

"Aa." Akaendelea kula.

Nilimsikiliza. Miaka mitatu nilikuwa nimekiota Kiswahili kile, sauti ile yenyewe, nacho sasa kilikuwa kinatiririka nyumbani mwangu tangu mchana mpaka jioni, wala hakikuniuliza kitu hata kimoja. Niliona upweke wa siku zile zote haukuwa na uzito kama huu wa kukaa na mtu anayesema peke yake. Asubuhi nilipotoka kuchota maji, yeye aliamka, akatafuta kuni za kuchemshia chai. Nilirudi nikamkuta amechuchumaa jikoni, moto unawaka. Nilitazama nyuma ya nyumba. Vijiti vyangu viwili havikuwapo.

"Ulichukua vijiti vya pale?"

"Vijiti gani? Vile bikavu? Njo hivyo vinaungua." Akaelekeza kidole motoni, akanitazama. "Kwani vilikuwa vya nini?"

Ningeweza kumweleza. Maneno nilikuwa nayo yote, na mara hii mtu mbele yangu angeelewa kila neno. Nilikaa chini. "Vilikuwa vyangu," nikasema.

Akacheka, akasema tutanunua vingine Lubumbashi.

Sikwenda. Nilimwambia siku ile ile, kabla chai haijapoa. Hakunipiga wala hakubembeleza sana. Nadhani alipata nafuu. Alikaa siku mbili akifuatilia watu wake wa samaki, kisha nikamsindikiza mpaka barabarani, si mpaka bandarini. Mama alipopata habari, ng'ambo, alinitumia neno kupitia mfanyabiashara: je, nimerogwa? Nikamjibu kwa mdomo wa mfanyabiashara huyo huyo kwamba sijambo. Sikuweza kumwambia zaidi kupitia mtu.

Mvua zilipoanza nilitafuta kwa macho tu, nikiogopa kukanyaga. Ilitoka ncha moja. Nyingine haikutoka, au ilitoka ikaliwa, sikujua. Ile moja ilitoa majani mawili yaliyolala chini, na mwaka ule haikutoa ua. Niliizungushia mawe.

Mwezi wa pili, asubuhi yenye ukungu wa ziwa, nilisikia jirani akiniita kutoka njiani. Sikuwa nimemwomba. Nilitoka. Alikuwa na wanawake wanne nyuma yake, na mkononi jembe jipya la mpini mfupi, amelileta kwa ajili yangu. Alinielekezea kidole usoni. "Kubwa tu," alisema. "Ndogo, wacha."

"Kubwa tu," nikamjibu kwa Kibemba, kwa lafudhi mbaya, nao wakanisahihisha wote pamoja.

Nilikuwa wa mwisho katika msafara. Mbele yangu walikuwa wakizungumza haraka haraka kuhusu mtu fulani, harusi fulani, na mbuzi aliyeingia mahali asipotakiwa. Nilishika neno hapa, neno pale. Walipoangua kicheko nilikuwa bado najumlisha mbuzi na bwana harusi. Tulikuwa tumeshafika kwenye miti mikubwa nilipoelewa, nikacheka peke yangu, nyuma yao, na yule wa karibu akageuka kuona kuna nini.

"Mbuzi," nikamwambia.

Akatikisa kichwa kwa upole, akaendelea kutembea.